Usimpe mtu ile reale ya bibi

Vienna, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salamu nyingi kama mchanga wa Pangani. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umecheka? Viboko tulivyokula kwa huo "upeo" sijavisahau. Najua unanidai. Miezi minne kimya, simu sipokei, na mwenyewe ukamwambia Farida kwamba nimeshakuwa Mzungu. Mzungu gani, mwenzangu, na hizi zamu za usiku na hili goti. Ya goti tutaongea siku nyingine.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na hili sitaki limfikie Athumani kabla halijakufikia wewe. Rajabu anasafiri Alhamisi, nitamkabidhi mkononi.

Neno lenyewe ni hili: usitoe hata senti ya hicho "cheti cha makumbusho" anachokitaka huyo mtu wa mjini. Na ile reale ya bibi yako, sarafu ya fedha anayotaka kuinunua, usimpe. Hata kuishika asiishike mpaka umalize kusoma.

Ile picha uliyonitumia nimeikuza mpaka ikabaki vidoadoa. Mama mnene kidogo, kifua kipana, kajitanda ushungi, chini ya bega herufi S.F. Upande wa pili tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Athumani kaona 1780 akapiga hesabu ya miaka, akafika milioni sitini. Simlaumu, na mimi moyo ulinidunda.

Basi mwezi uliopita, nikitoka kazini, nikapita uwanja wa Maria-Theresien-Platz, katikati ya yale majumba mawili ya makumbusho. Pale kakaa yeye mwenyewe, wa shaba, juu kabisa, na majenerali wanne juu ya farasi wanamzunguka kama wapambe wa bibi harusi. Nikatoa simu nikaisimamisha mbele yake. Sura ni ile ile! Maria Theresia, mtawala wa nchi hii ya Austria kwa miaka 40. Watoto kawazaa 16. Mmoja ndiye yule Marie Antoinette aliyekatwa kichwa Ufaransa. Na ule ushungi tuliokuwa tunambishia bibi kwamba "huyu Muislamu", ni wa ujane. Mumewe alikufa mwaka 1765, naye akavaa nguo za msiba mpaka naye akafa, 1780. Eda ya miaka 15, shoga! Sisi miezi minne na siku kumi tunahesabu kwa vidole.

Sasa sikiliza hapa ndipo Athumani anapoibiwa. Alipokufa, wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wameshaizoea ile sura, kipande kingine hawakitaki. Kwa hiyo mafundi wakaendelea kuigonga vile vile, na mwaka ule ule wa kifo chake. Mpaka leo kiwanda cha sarafu cha hapa Vienna kinaigonga, na bado inaandikwa 1780. Si Vienna tu. Mwaka 1935 Mussolini wa Italia alizichukua kalibu zake za kugongea ili apate fedha za kutumia vitani Uhabeshi, Waingereza nao wakaona wasipitwe, wakagonga zao London na Bombay. Kwa hiyo bibi yako huenda alivaa mama wa Austria aliyezaliwa Bombay juzi tu, na mwaka wake ukasema mia mbili na ushee.

Nilimwonyesha mzee mmoja muuza sarafu, duka lake dogo kama kabati, miwani miwili usoni. Akatazama picha, akaniuliza uzito. Sijui, nikamwambia, iko Pangani. Akacheka, akasema zote ni gramu 28 na kidogo, fedha safi ni sehemu tano kati ya sita, na ya kawaida bei yake ni ya fedha hiyo na kitu kidogo juu. Zile za zamani kweli wanazitambua kwa manyoya ya mkia wa tai na kile kifungo cha begani, na bei yake hupanda. Lakini iliyotiwa kipete cha kuning'inizia, thamani yake kwa wakusanyaji inashuka. Ya bibi ina kipete. Nikafunga simu nikamshukuru.

Kwa hiyo milioni sitini sahau. Ila ngoja, usiniachie barua hapo.

Kilichoninyima usingizi si bei. Najiuliza, ilifikaje? Unaijua nchi hii ilivyo? Tanzania ukiigawa unapata Austria kumi na moja na chenji inabaki. Imezungukwa na majirani wanane, na sehemu kubwa ya ardhi ni milima ya Alps, kilele cha juu Grossglockner, mita 3,798, mdogo wa Kibo kwa mbali. Tambarare iko huku mashariki kwetu tu. Bahari hakuna. Ukitaka kuiona unapanda treni asubuhi, inapinda na milima siku nzima, jioni unashuka Trieste, na hapo ni Italia. Lakini Trieste ilikuwa yao, Mwanahamisi. Tangu mwaka 1382 mpaka vita vya kwanza vilipoisha 1918. Walikuwa na bandari, meli, wanamaji, kila kitu. Kila siku nabadilisha treni pale Praterstern, na nje ya stesheni kuna mnara wenye pua za meli zimetokeza ubavuni kama mabuzi ya nazi, na juu kasimama amiri jeshi wa majini, Tegetthoff, aliyewapiga Waitalia baharini mwaka 1866. Amiri wa bahari, chini yake tramu na vijana wanauza maua. Huwa namhurumia. Kasimamishwa pale, na bahari yenyewe imeshachukuliwa na wenyewe.

Basi reale zikashuka toka milimani mpaka bandari za Mediterania, Trieste, Livorno, Marseille, zikavuka kwenda Misri na Sham, Jeddah, Mokha, na huko zikapakiwa jahazini zikaja na kaskazi mpaka kwetu. Ndiyo maana wazee waliziita reale ya Sham. Ya Wahispania ilikuwa reale ya mzinga, kwa sababu zile nguzo mbili zilizochorwa waliziona mizinga. Na wakia ya sonara, ile ya kupimia fedha, ilikuwa uzito wa reale moja. Unaona? Nchi haina hata ngalawa moja, na kwetu imeingia mpaka kwenye mizani. Oman walikuwa bado wanaitumia sokoni mpaka karibu mwaka 1970. Hapa kwao wenyewe ilikwisha kuwa hela halali tangu 1858.

Na kuna jingine, hili utampa Athumani akalitambie barazani. Mtu wa Vienna, Oscar Baumann, alikuja kwetu kupima ramani za Usambara. Mwaka 1888, yeye na Hans Meyer, wakakamatwa na Abushiri. Pangani hapo hapo! Wakatiwa minyororo, wakakombolewa kwa hela. Mwaka uliofuata Meyer akarudi akapanda Kibo, na tuliyekaririshwa shule ni yeye peke yake, kumbe juu alifika na Mwaustria, Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg. Watu wa milima. Wapeleke baharini utawaonea, mlimani hapo umewarudisha kwao.

Watu huku wakikusifia nchi yao hawakutajii reale hata siku moja. Wanakutajia Mozart, keki, na kahawa. Mozart sina neno naye, kwenye opera kuna tiketi za kusimama za bei nafuu, nimekwenda mara mbili, goti likanikomesha. Kahawa ndiyo hupiga nao kelele. Nyumba ya kwanza ya kahawa mjini hapa, mwaka 1685, aliifungua Muarmenia, Johannes Diodato, baada ya Waturuki kuuzingira mji wakashindwa. Kwa hiyo na hiyo ilikuja toka huko huko reale zilikokuwa zinakwenda. Lakini wamejua kuitunza, wallahi. Kikombe kimoja unakaa nacho kutwa, kinaletwa kwenye sinia na bilauri ya maji, gazeti limefungwa kwenye ubao, na mhudumu mkali kama mkwe. Kashata hakuna.

Kuna hili pia, sijui nikwambie au niache. Zama za huyo huyo mama wa reale, hapa Vienna aliishi Mwafrika, Angelo Soliman, aliletwa mtumwa utotoni, akasoma, akajua lugha kadhaa, akakaa na wakubwa meza moja. Alipokufa 1796, bintiye aliomba maiti ya babake akaizike. Wakamnyima. Wakamchuna ngozi, wakaijaza, wakamsimamisha kwenye makumbusho ya mfalme na manyoya kichwani. Aliungua 1848, kwenye vita vya mapinduzi. Nikipita pale karibu na ikulu ya zamani huwa natembea haraka kidogo. Basi.

Turudi kwenye sarafu. Fanya hivi. Ipeleke kwa sonara unayemwamini, apime mbele yako, usiiache hata kama anakwenda kuswali. Ikiwa ni karibu gramu 28, ukiacha kipete na usagaji, huenda ni fedha ya kweli. Ikiwa nyepesi sana, ya bandia, na kelele zote ziishe. Usiisugue kwa ndimu wala majivu, muuza sarafu aliniambia hilo mara tatu. Halafu mwambie Athumani kwamba makumbusho haichukui malipo ya cheti kwa njia ya simu ya mtu binafsi. Kama huyo bwana anaitaka kwa milioni sitini, alete milioni sitini, cheti atatoa mwenyewe.

Mimi ningekuwa wewe ningeirudisha shingoni. Jumamosi ile tulikwenda na Farida ziwa Neusiedl, wenyewe wanaliita bahari ya watu wa Vienna. Nikakunja suruali nikaingia. Natembea, natembea, maji kiunoni. Natembea tena, bado kiunoni! Kina chake chote hakifiki mita mbili. Lina chumvi kidogo, ya kukudanganya tu, na ukingoni ni matete. Nikarudi nimeloa na hasira, Farida ananicheka.

Sasa nijibu. Bibi aliipata wapi hasa ile reale, kwa mamake au ni ya mahari yake? Nakumbuka alisema kitu kuhusu nahodha wa Sur, kule Oman, au nimeota? Ni peke yake au kwenye kasha kuna nyingine? Na kile kipete, kakitia sonara gani, yule wa karibu na kivuko? Athumani ameshampa huyo mtu pesa yoyote, sema kweli? Mama Shemsa amerudi kwa mumewe? Kivuko kinafanya kazi? Na ule mwembe, mmeukata au ilikuwa maneno?

Mpe Rajabu majibu, kwa karatasi. Na kungumanga, ya hapa inauzwa kama dawa ya moyo.

Wako,
Zena

Ikiisha pimwa, nitumie uzito hata usiku wa manane. Muuza sarafu kaniuliza tena juzi, na nimemwahidi.