Silikoni ya sampo: lebo yenu ya Kiswahili imeua injini ya mteja wangu

Gereji ya injini,
Malindi.

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bwana/Bibi,

KUH: MAAGIZO YA KISWAHILI KWENYE TYUBU YA SILIKONI NYEUSI

Tyubu yenu ninayo hapa mezani. Mbele mmeandika kwa Kiswahili: "Kwa gasketi zote. Paka kwa wingi pande zote mbili. Washa injini baada ya saa moja." Nyuma, kwa Kiingereza cha herufi ndogo kama mbegu za mchicha, maneno ni mengine kabisa: uzi wa milimita 3, upande mmoja tu, ngoja saa 24.

Jumatatu nilikuwa Watamu kwenye injini ya boti. Gerejini nilimwacha kijana wangu wa spana na Probox ya mteja anayepeleka samaki Mombasa, ilikuwa ikivuja oili kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Sampo ya injini ile haina gasketi (kizuizi cha kuvuja kati ya vyuma viwili) ya mpira wala ya koki. Silikoni ndiyo gasketi yenyewe. Kijana alikwangua ya zamani yote, akapangusa mafuta mpaka chuma kikang'aa. Kisha akasoma Kiswahili chenu, akakifuata neno kwa neno. Gari likatoka jioni ileile.

Jumatano alfajiri taa ya oili iliwaka Vipingo. Mpaka dereva anazima, injini ilikuwa imeshaanza kugonga.

Sampo niliifungua mwenyewe. Strena, yaani chujio, ya pampu ya oili ilikuwa imezibwa na nyuzi nyeusi za silikoni, laini kama tambi zilizopikwa. Nilizitoa kwa koleo moja moja, vipande 17, nikavipanga juu ya gazeti ili mteja avione. Silikoni ikizidi, boliti zikikazwa huminyika nje na ndani. Ya nje utaifuta kwa kitambaa. Ya ndani hunyofoka, pampu ikaivuta. Na hii ilikuwa bado mbichi: hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo hata kwa unyevunyevu wetu wa pwani, ngozi ya juu hushika upesi lakini moyo wake bado. Saa moja haitoshi hata kidogo. Beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, zimekwisha.

Hayo ya "gasketi zote" nayo si kweli. Gasketi ya mpira hufungwa kavu. Ukiipaka silikoni huteleza boliti zikikazwa, ikachomoka pembeni. Kwa kawaida silikoni huwekwa tone tu kwenye pembe, pale kifuniko cha cheni kinapokutana na bloku. Tena tyubu yenu inanuka siki. Silikoni inayotoa asidi hiyo mimi siiweki kwenye injini zenye sensa ya oksijeni, maana inaweza kuiharibu, na lebo haikuonya kwa lugha yoyote.

Kijana wangu analia kwamba ameniharibia jina. Nimemwambia hakukosea, alisoma alichoandikiwa. Mafundi wengi wa hapa husoma Kiswahili kwanza, na nyinyi mnalijua hilo, ndiyo maana mkakiweka mbele. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Haki hiyo haikuandikiwa wasoma Kiingereza peke yao.

Naomba mnirudishie shilingi 31,400 za beringi, oili na kukokota gari, risiti nimeambatisha. Nimelipa mimi, kwa sababu mteja alinikabidhi mimi gari lake. Pia tyubu zenye lebo hii ziondolewe madukani hadi Kiswahili chake kiandikwe upya na fundi anayeijua kazi. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaipeleka tyubu hii kwa Shirika la Viwango la Kenya.

Nyingine nne nilizobaki nazo nimezifungia kabatini. Sitaziuza wala sitazitupa, njooni mzichukue.

Wako mwaminifu,

Fundi wa injini, Malindi