Mjomba, yule mnyoo hula nini?

Kwa mjomba wangu, Matondoni, Lamu.

Assalaam aleykum. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu nawe uliniuliza mbele za watu, pale barazani baada ya sala ya alasiri. Nilikuonyesha kwenye simu picha ya mnyoo wa kilindini, mrija mweupe na kichwa chekundu, ukaitazama kwa muda ukasema: "Huyu hana kanwa. Sasa hula nini?" Nikajibu kwa neno moja, bakteria, na mazungumzo yakahamia bei ya mbao. Swali lile lilistahili jibu bora, na tangu siku hiyo sijatulia.

Waliomwona wa kwanza waliuliza vilevile. Mwaka 1977 nyambizi ndogo ya Marekani iitwayo Alvin iliteremka karibu na visiwa vya Galápagos, mita 2,500 hivi chini ya maji. Kwa hesabu yako ni zaidi ya pima 1,300. Waliokuwa wakiiongoza safari ile walikuwa wataalamu wa miamba, wametumwa kutafuta chemchemi za moto, wakakuta kichaka cha minyoo, kila mmoja ndani ya mrija wake, wengine wanafika mita 2. Siku hizi wanaitwa Riftia pachyptila. Walipopasuliwa hawakuwa na kinywa wala utumbo. Mwili ulijaa nyama moja laini kama sifongo.

Aliyelifumbua fumbo alikuwa bado mwanafunzi pale Harvard, Colleen Cavanaugh. Mwaka 1980 alisikia kwenye mhadhara kwamba nyama ile ina chembe za salfa, akasema papo hapo kwamba basi mna bakteria ndani yake. Mwaka uliofuata ushahidi ukachapishwa.

Sasa nikueleze kwa kitu unachokijua. Ulipokuwa ukikata boriti mikokoni, ukizama tope hadi magotini, ilikuwa ikipanda harufu ya mayai viza. Ile ni haidrojeni salfaidi. Kwetu huitengeneza vijidudu wanaoishi topeni pasipo hewa, wakila majani yaliyooza. Kule kilindini hutoka na maji ya moto kwenye nyufa za mwamba. Ni sumu, kwa sababu huzuia mwili kuitumia oksijeni. Lakini damu ya mnyoo huyu, ambayo ndiyo inayokipa kichwa chake wekundu ule, huishika salfaidi mahali pamoja na oksijeni mahali pengine, zisigusane, ikazipeleka zote mbili hadi ndani. Bakteria waliomo huziunganisha, na nguvu itokayo hapo huitumia kutengeneza chakula kutokana na hewa ya kaboni, kama jani linavyotumia jua. Mnyoo huishi kwa chakula wanachokiachia, na wengine wao huwayeyusha akawala.

Husemwa sana kwamba kiumbe huyu hana haja na jua. Mimi sikubali. Oksijeni anayovuta imetengenezwa huku juu, na mimea, kwa jua hilihili linalokukausha mbao zako.

Na hapa ndipo nilipokosea barazani. Nilisema "bakteria" kana kwamba amezaliwa nao. Hakuzaliwa nao! Yai halina hata mmoja. Mtoto huelea gizani, akatua, na bakteria wa hapo alipotua humwingia kwa kupenya ngozi. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2006. Akiwa mchanga huwa na kinywa na utumbo, kisha vyote hutoweka. Ikiwa sakafu ile haina bakteria wanaomfaa, hana riziki. Na mwaka 2015 watafiti wakaonyesha upande wa pili: mnyoo akifa, bakteria wake hutoka wangali hai, wakarudi kuishi majini na juu ya miamba, tayari kwa mtoto mwingine. Wale ndio wenyeji, Mjomba. Yeye amepanga tu.

Ndugu yake mmoja, Lamellibrachia wa Ghuba ya Mexico, hukaa kwenye tope baridi na hupitisha kitu kama mizizi ndani yake. Kwa mizizi hiyo hufyonza salfaidi, na kwa hiyohiyo hurudisha salfeti, ambayo vijidudu wa topeni huihitaji ili watengeneze salfaidi tena. Huishi zaidi ya miaka 200. Wapo ambao huenda walikuwa wameshatia mizizi kabla Ngome yetu ya Lamu kukamilika mwaka 1821.

Na yule mdudu anayetoboa majahazi, ambaye umempiga vita maisha yako yote kwa shahamu na chokaa? Huyo ni jamaa ya kombe, ingawa ana umbo la mnyoo, na hawezi kuzimeng'enya mbao kwa nguvu zake peke yake: bakteria katika matamvua yake humpa vimeng'enya vya kazi hiyo. Mkubwa wa ukoo huo, Kuphus wa Ufilipino, ameacha mbao kabisa. Mwaka 2017 alielezwa akiwa hai, amejichimbia kwenye tope linalonuka, analishwa na bakteria wa salfa kama Riftia.

Ndiyo maana niliumia uliposema tope la mikoko ni uozo tu, hata mtu akitupa taka humo si neno. Chini ya mikoko na nyasi za bahari za joto, Bahari Hindi ikiwamo, huishi kombe wa ukoo wa Lucinidae, nao hulishwa na bakteria wa salfa wakaao katika matamvua yao. Wanapoila salfaidi, hupunguza sumu kwenye mizizi ya nyasi zile ambazo tafi na kasa huzila.

Nitakuja bamvua ijayo, inshallah. Maji yakipwa nipeleke kule ulikokuwa ukikata boriti. Nitachimba mimi. Tukimpata kombe mmoja tumfungue, nikuonyeshe yalivyo manene matamvua yake.