Nisomee tiba ya usemi na lugha nikiwa na miaka 41, au nibaki na ukalimani wangu?

Ndugu Mshauri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 41, mke na mama wa watoto wawili, na makazi yetu ni Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, Marekani. Shahada yangu ya kwanza ni ya Kiswahili na isimu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi ninayoifanya hapa ni ukalimani katika shule za umma, ambako sehemu kubwa ya familia ninazozihudumia zimetoka mashariki mwa Kongo, nyingi kati yake zikiwa zimepitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Ninaandika kuomba ushauri kuhusu shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha, kwa kuwa mwaka huu ni lazima niamue na nyumbani bado hatujaafikiana.

Wengi huidhani fani hii kuwa ni kazi ya kusahihisha matamshi ya watoto. Kumbe mtaalamu wake hushughulikia pia kigugumizi, watoto waliochelewa kusema, wenye usonji, waliozaliwa na mdomo wa sungura, wazee waliopotewa na maneno baada ya kiharusi, na hata wagonjwa wanaopaliwa kila wanapomeza. Hilo la mwisho lilinishangaza, kwani sikujua kwamba anayemfundisha mtoto kutamka sauti moja darasani, na anayeamua kama mgonjwa aliyelazwa anaweza kunywa maji kwa usalama, wamesomea shahada ile ile.

Kilichonivuta ni vikao vya kuwapima watoto, ambamo mimi huitwa kutafsiri. Mtoto huonyeshwa picha, akaulizwa hiki ni nini, kisha alama zake zikalinganishwa na za watoto waliokua wakisema Kiingereza peke yake. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za kwetu mara nyingi hunyamaza, kwa sababu hajazoea mtu mzima amuulize jambo ambalo mtu mzima mwenyewe analijua waziwazi. Mwingine huongeza irabu mwishoni mwa kila neno la Kiingereza linaloishia na konsonanti, kama lugha yake ya kwanza inavyomwelekeza, na katika shule moja niliona jambo hilo likiandikwa kuwa ni kasoro ya matamshi. Upande wa pili unaniumiza zaidi: mtoto mwenye tatizo la kweli huachwa kwa kudhaniwa kuwa bado anajifunza Kiingereza, ilhali mama yake amekwisha kusema kikaoni kwamba hata nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, mtoto huyo haunganishi maneno mawili. Mimi huyaona hayo yote na sina ruhusa ya kusema lolote, kwa kuwa mkalimani hutafsiri tu. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iitwayo IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake kadiri inavyowezekana, na inakataza kumhesabu kuwa mlemavu kwa sababu tu hajakijua Kiingereza. Hata hivyo, utekelezaji wake huachiwa mtaalamu asiyeijua lugha ya mtoto pamoja na mkalimani asiyeijua tiba.

Nisingependa mtu afikiri kwamba kujua Kiswahili kunatosha. Watoto wa Bukavu au Lubumbashi husema batoto pale tunaposema watoto, na upatanisho wao wa ngeli haufanani na ule tuliofundishwa shuleni Tanzania, kwa hiyo mtu aliyesomea sarufi sanifu kama mimi anaweza kwa urahisi kuyaita kosa maneno ambayo mji mzima huyasema hivyo. Ili kujua lipi ni la lahaja na lipi ni la ugonjwa, inabidi mtu asome hasa. Tena kumpa mtoto jina la mgonjwa si jambo dogo, na hapa Iowa hilo linajulikana vizuri, maana chama cha Marekani cha taaluma hii, ASHA, kina chimbuko lake Iowa City, mwaka 1925, na katika jimbo hili hili, mwaka 1939, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaambia watoto yatima wa Davenport waliokuwa wakisema vizuri kwamba wameanza kupata kigugumizi, ili waone matokeo yake. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001.

Sasa nieleze njia yenyewe. Kwa kuwa shahada yangu ya kwanza si ya fani hii, ni lazima kwanza niongeze masomo ya msingi: takwimu, baiolojia, fizikia au kemia, kisha anatomia ya viungo vya usemi, ukuaji wa lugha ya mtoto na elimu ya usikivu. Isimu imenisaidia katika fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, na kwa hakika hapo ndipo iliponisaidia zaidi. Baada ya hapo ni miaka miwili ya uzamili wa kutwa, yenye mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 400, ambazo 25 ni za kutazama na 375 ni za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Halafu kuna mtihani wa taaluma uitwao Praxis, unaohitaji alama 162, na kipindi cha kwanza cha kazi chini ya uangalizi, wiki 36 kwa uchache, ambacho angalau kina mshahara. Matokeo yangu ya Dar es Salaam ni GPA ya 3.6 katika mizani ya 5, daraja la pili la juu, na nina hofu kwamba msomaji wa haraka atayasoma kana kwamba mizani ni ya 4, au yatapungua sana yakibadilishwa na wanaotathmini vyeti vya nje.

Tatizo kubwa ni fedha. Nina grini kadi, kwa hiyo ninastahili mikopo ya serikali ya shirikisho, lakini sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeufunga mkopo wa Grad PLUS, yaani mkopo wa ziada wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na imeweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kawaida wa uzamili. Kiasi hicho huenda kikatosha ada, lakini hakitalipa kodi ya nyumba. Nikiacha kazi tunapoteza pia bima ya afya, ambayo familia nzima inaitegemea kupitia kwangu, kwa kuwa mume wangu anafanya kazi ya zamu kiwandani na bima ya huko ni ghali. Ipo njia ya pili, ya kusoma kwa mtandao kidogo kidogo kwa miaka mitatu au zaidi huku nikiendelea na kazi. Programu niliyoichunguza ina ada kubwa kuliko chuo cha umma cha jimbo letu, na saa za vitendo ni za mchana, siku za kazi, kwa hiyo mwishowe kazi itaachwa tu, ila kwa kuchelewa.

Liko na suala la lafudhi, ambalo nimeona haya kumuuliza mtu ana kwa ana. Najua kwamba ASHA ilitoa msimamo mwaka 1998 kuwa lafudhi peke yake haimzuii mtu kusoma wala kufanya kazi hii, mradi awe na ujuzi unaotakiwa na aweze kuitoa sauti lengwa pale tiba inapoihitaji. Ni sharti hilo la mwisho linaloninyima usingizi. Sauti za th na dh hazinisumbui, kwani tunazo tangu utotoni, lakini Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza cha hapa kina irabu nyingi ambazo mimi huzisikia vizuri kuliko ninavyozitamka. Sauti yao ya r, ambayo huwapeleka watoto wengi wa shule kwenye tiba, mimi mwenyewe huitoa kwa bahati. Je, wasimamizi huutazama msimamo huo kwa uaminifu, au huandika sababu nyingine?

Mume wangu hanikatazi, ila anaona nisomee uuguzi, kama walivyofanya marafiki zetu karibu wote, kwa sababu kozi ni fupi zaidi, waajiri ni wengi na hakuna anayeuliza juu ya irabu. Dada yangu aliyeko Morogoro anasema nibaki mkalimani hadi watoto wamalize shule. Hoja za wote wawili zina uzito, na sizidharau. Kwa upande wangu, ninaona kwamba nikisubiri miaka saba mkopo wangu utakuwa wa mtu anayekaribia kustaafu, ilhali msamaha wa mikopo kwa watumishi wa umma, ambao walimu na wataalamu wa shule hustahili, huhitaji malipo 120 ya kila mwezi, yaani miaka kumi kamili kazini.

Kwa hiyo naomba unishauri, Ndugu Mshauri, na kama kuna msomaji aliyepita njia hii akiwa na familia na lugha nyingine kinywani, naye anisaidie. Je, ni busara kuanza na masomo ya msingi, moja moja jioni, kabla ya kuomba chuo, ili nione kwanza kama ninaiweza takwimu na sayansi, au vyuo huwaona wanaokwenda hivyo kuwa hawajaamua? Je, kati ya kuacha kazi kwa miaka miwili katika chuo cha umma na kusoma kwa mtandao kwa gharama kubwa zaidi, ipi ina madhara madogo kwa nyumba yenye watoto wanaosoma? Na je, nimweleze mwajiri wangu mapema, nikitumaini kwamba wilaya ya shule itanisaidia ada kwa mkataba wa kuitumikia baadaye, au kufanya hivyo ni kuihatarisha kazi niliyo nayo? Vyuo vingi hufunga maombi kati ya Desemba na Februari, hivyo nitashukuru sana nikipata jibu kabla ya hapo.

Wako katika kusubiri,
Msomaji, Cedar Rapids, Iowa