Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024: Trela Letu la Kambini

Waheshimiwa wazee wetu, mama zetu na ndugu wanachama wote,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka 2024 kuhusu shughuli za chama, na hasa kuhusu trela la kulala tunalolimiliki kwa pamoja, ambalo limeegeshwa kwenye kiwanja cha kambi cha msimu karibu na Ziwa Huron, hapa Ontario. Shughuli za kawaida mnazijua, nami sitawachosha nazo. Kambi ilifunguliwa Mei 1, usafi ulifanyika, familia zilipokezana kwa zamu wakati wa likizo ya shule, tulikula pamoja Siku ya Kanada, na msimu ulifungwa kwa sikukuu ya Shukrani, Oktoba 14. Rambirambi kwa waliofiwa na pongezi kwa waliojaliwa watoto zilifikishwa kama ilivyo desturi.

Mapato ya mwaka yalikuwa dola 6,050: ada za wanachama 2,940, malipo ya malazi 1,960 na harambee ya chakula cha jioni 1,150. Matumizi yalikuwa dola 5,717: malipo ya kipande chetu cha kuegesha trela kambini 3,842 pamoja na kodi ya mauzo ya asilimia 13, umeme wa mita 410, bima 395, gari la kunyonya maji taka 240, ukarabati wa paa 680, na vifaa vya kulifunga trela kwa majira ya baridi 150. Ziada ya dola 333 iliungana na akiba ya 1,210 ya mwaka uliotangulia, ikalipwa amana ya dola 1,000 ya kukishikilia kipande hicho kwa msimu wa 2025, na sasa zimebaki dola 543. Risiti zote anazo mweka hazina, naye yuko tayari kumwonyesha yeyote, ingawa hadi ninapoandika haya hakuna hata mmoja kati ya wanaolalamika aliyekwenda kuziona.

Hiyo amana ya dola 1,000 ndiyo iliyozua maneno, kwamba kamati iliilipa bila kuwashirikisha wanachama, na kwa kuwa maneno hayo yamesemwa kila mahali isipokuwa mkutanoni, naona ni wajibu wangu kuyajibu kwa kirefu. Ni kweli kwamba kamati tendaji ilikubali kukihifadhi kipande chetu kwa msimu mwingine bila azimio la mkutano mkuu. Ni kweli pia kwamba katiba inairuhusu kamati kutumia kiasi kisichozidi dola 1,000 katika jambo la dharura. Wapo waliosema kwamba amana ilikatwa makusudi ili ifike hapo hapo isivuke. Kiasi hicho kilipangwa na mwenye kambi kwa kila mwenye kipande, tangu kabla hatujafika pale, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa Oktoba 15. Asiyelipa kufikia siku hiyo, kipande chake hupewa anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri, na orodha hiyo ni ndefu.

Wanachama wanaodhani kwamba tungeweza kubishana na mwenye kambi na kudai haki za mpangaji, naomba waelewe jinsi sheria ilivyo. Sheria ya Upangaji wa Makazi ya Ontario ya mwaka 2006 haihusu malazi ya msimu kwenye viwanja vya kambi na vya matrela. Kwa hiyo hatuna kinga aliyonayo mpangaji wa nyumba mjini. Msimu ukiisha, mkataba umeisha, na tunachoweza kushika mkononi ni risiti ya amana tu.

Mapendekezo mbadala niliyasikia, nayo hayakupuuzwa. La kwanza lilikuwa kulivuta trela hadi mjini na kulitumia kwenye hifadhi za mkoa pale tunapohitaji. Ni kweli kwamba leseni ya kawaida ya udereva, ya daraja la G, inaruhusu kuvuta trela lisilozidi kilo 4,600, na letu liko chini ya uzito huo. Lakini leseni haivuti trela. Linavutwa na gari kubwa lenye ndoano na breki zake, na kati yetu hakuna mwenye gari la namna hiyo ambaye amejitolea. Aidha, miji mingi tunakoishi ina masharti makali kuhusu kuegesha trela mbele ya nyumba, achilia mbali sisi tunaoishi ghorofani. Na huko kwenye hifadhi za mkoa, nafasi hufunguliwa miezi 5 kabla ya tarehe ya kufika, na zile nzuri za mwezi Julai huisha mapema mno. Chama ambacho hakiwezi kukusanya watu 18 mkutanoni kwa taarifa ya wiki 3 kitapangaje safari miezi 5 kabla?

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo nililieleza kwenye mkutano wa Julai kwa wachache waliokuwepo, ni umri wa trela lenyewe. Lilitengenezwa mwaka 2011. Kambi nyingi za msimu hazipokei tena trela lililozidi miaka 10. Mwenye kambi yetu hutuvumilia kwa sababu trela lilikuwa limekwisha kuingia, lakini kanuni yake inasema wazi kwamba likitoka langoni halirudi, na likiuzwa, mnunuzi aliondoe. Maana yake ni kwamba thamani ya trela hili iko mahali lilipoegeshwa. Lirudisheni mjini, nanyi mtakuwa na sanduku la futi 28 lisilo na pa kwenda, ambalo hakuna atakayelinunua kwa bei ya maana.

Ndugu mmoja, ambaye namheshimu, alipiga hesabu kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba matumizi ya mwaka yakigawanywa kwa usiku 49 uliotumika, kila usiku umegharimu karibu dola 117, na kwamba moteli ingekuwa nafuu. Hesabu yake ni sahihi, ila imetazama upande mmoja. Msimu una usiku zaidi ya 160. Gharama ya kipande ni ile ile, tukilala mle au tusilale, na kama trela lilikaa tupu zaidi ya theluthi mbili ya msimu, kosa si la kipande wala si la kamati. Moteli inayolaza watu wanane chumba kimoja, ikawaruhusu kuchoma nyama mlangoni na kupika ugali saa nne za usiku, mimi sijaiona.

Kuhusu azimio la mkutano mkuu na akidi yake, idadi yenyewe inatosha. Chama kina wanachama 52, na akidi ni theluthi moja, yaani 18. Mkutano wa Julai ulikuwa na watu 14. Mkutano wa Septemba tuliupeleka kambini penyewe ili kuvutia watu, na watu kweli walikuja, maegesho yakajaa hadi jirani akalalamika. Lakini kengele ya mkutano ilipolia waliokaa vitini walikuwa 11, wengine wakiwa ziwani au wamelizunguka jiko. Hao hao ndio walioandika Oktoba kwamba hawakushirikishwa.

Ada nazo ni hivyo hivyo. Ada ya mwaka ni dola 120. Waliolipa yote ni 19, waliolipa nusu ni 11, na 22 hawakulipa chochote. Tulipaswa kukusanya dola 6,240, na pengo ni dola 3,300. Kwa heshima, na bila kumtaja mtu, nasikitika kusema kwamba baadhi ya waliolala trelani mwezi Agosti wamo katika hao 22.

Naomba pia niseme neno kuhusu dola 680 za paa na 150 za vifaa vya baridi, kwa kuwa zimeitwa ubadhirifu. Paa la trela ni utando wa mpira, na kuzunguka matundu ya hewa hupakwa gundi nzito ambayo jua na theluji huipasua. Nilipanda mwenyewe mwezi Mei, nikabonyeza kando ya tundu la bafuni, na kidole kikazama kwenye mbao zilizoloa. Kama ningesubiri mkutano wenye akidi, leo tungekuwa tunazungumzia dari lililoanguka. Ama vifaa vya baridi, maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9 na kupasua viungo vya mabomba. Ndiyo maana baada ya Shukrani nilibaki kambini na katibu, tukamwaga maji ya hita, tukasukuma dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda ndani ya mabomba, tukafungua koki moja baada ya nyingine hadi kila moja ikatoa rangi ile, na tukamimina iliyobaki kwenye masinki, bafu na choo. Betri iko kwangu nyumbani. Matundu ya chini tuliyaziba kwa nyuzi za chuma, kwa sababu msimu uliopita panya walizalia kwenye droo ya vijiko, juu ya leso zilizosahauliwa na familia ambayo inajijua.

Kwa mwaka 2025, kamati inatarajia kujenga kibaraza kidogo cha mbao, kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu na mwenye kambi akiridhia. Tunatumaini pia kubadilisha matairi, kuanzisha ratiba ya zamu itakayoheshimiwa, na pengine, huko mbele, kufikiria trela jipya. Mitungi ya gesi itakaguliwa tarehe zake kabla ya kujazwa, maana hapa Kanada mtungi uliopita miaka 10 bila kuthibitishwa upya haujazwi. Salio la malipo ya kipande linadaiwa kabla ya Mei 1, na wenye madeni ya ada wanaombwa wamwone mweka hazina mapema. Ufunguo wa ziada wa trela uko kwa katibu; aliyekaa na ule mwingine tangu Septemba anaombwa aurudishe.

Mwenyekiti