Barua kwa Athumani kuhusu mashine za kujazia risasi

Minnesota, Marekani
14 Novemba

Swahibu yangu Athumani,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Arizona. Sisi huku tu wazima, ila theluji ya kwanza ilianguka juzi, na kwangu maana yake ni kwamba uwanja wa shabaha nimeuaga hadi majira ya kuchipua, na kazi imehamia chini ya nyumba kwenye meza yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza ununue mashine gani ya kujazia risasi, yaani ya kuyatumia upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, na kwa nini mimi ninazo saba ilhali mkono wa kuvutia ni mmoja. Swali la pili hata shemeji yako hajawahi kupata jibu lake, kwa hiyo nianze na la kwanza.

Unasema umeingia kwenye mashindano ya bastola, unamaliza risasi 200 za milimita 9 kila Jumamosi, na moyo wako umeipenda mashine ya bluu ya Dillon kwa kuwa ni ya huko huko kwenu Scottsdale. Sina neno baya juu yake. Mike Dillon alikuwa rubani wa ndege za abiria. Alianza kwa kutengeneza vipuri vya kuziwezesha mashine za kujazia za kampuni ya Star, zilizoundwa San Diego, zijaze risasi za aina nyingine, kisha akaunda zake mwenyewe. Ile RL 550 ina vituo vinne: kila ushushapo mkono wa mashine, ganda la kwanza hunyooshwa lirudi kipimo chake na kutolewa fataki iliyokwisha kulipuka (kile kikombe kidogo cha kitako kinachowasha baruti), la pili hutiwa baruti, la tatu hukalishwa kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, na la nne hubanwa mdomo. Ukishaizoea, unapata mamia ya risasi kwa saa.

Lakini mashine ya namna hiyo humtendea mwanafunzi mambo manne kwa mvuto mmoja, na macho hayawezi kuwa pote. Nitakusimulia lililonipata, ambalo sijamsimulia kila mtu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mashine ya mwendo wa kasi, sitaitaja jina kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nikasimama katikati ya kazi kupokea simu, nikarudi, nikazungusha sahani inayoshika maganda kwa mkono nikidhani ganda limekwisha kupata baruti. Uwanjani, wiki mbili baadaye, badala ya mlio nilisikia “puf”, kama mtu aliyepasua kijaluba cha karatasi. Mzee aliyekuwa kwenye nafasi ya jirani akanyanyua mkono na kunikemea nisivute tena. Tulipofungua bastola tukakuta kichwa cha risasi kimekwama nusu ya mtutu, kimesukumwa na nguvu ya fataki peke yake. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungepasuka usoni mwangu. Tangu siku hiyo, simu huiacha ghorofani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uanze na mashine ya hatua moja, yenye tundu moja la kalibu (kile chombo cha chuma ambamo ganda huingia kunyooshwa au kuwekwa kichwa), uvute mkono mara moja kwa kila kazi, upange maganda 50 yaliyotiwa baruti kwenye ubao wenye matundu, na uyamulike kwa tochi moja baada ya jingine kabla ya kuweka kichwa. Ni polepole mno. Mimi nikijitahidi sipiti 50 kwa saa. Lakini baada ya miezi michache mkono wako utakuwa unajua ganda linaloingia vizuri linavyohisika na lile lenye ufa linavyokwaruza, na hapo nenda Scottsdale bila kuniaga.

Katika hizo za hatua moja, tazama kwanza umbo la fremu. Zile za zamani zenye umbo la herufi C zinaacha nafasi nzuri ya mkono, ila ukilinyoosha ganda kubwa la bunduki fremu hujipanua kidogo, na vipimo huyumba. Zile za umbo la O hufungwa pande zote na hazitikisiki. Ukitaka jina, Rock Chucker ya kampuni ya RCBS ni mashine ambayo mtu huirithisha mwanawe. Asili ya jina hilo inanifurahisha kila mara: mwaka 1943, wakati wa vita, vichwa vya risasi vilikuwa adimu, na Fred Huntington wa Oroville, California, akaanza kuunda vya kwake nyuma ya duka la dobi la baba yake, magamba ya nje akiyatengeneza kwa maganda yaliyotumika ya risasi ndogo za .22. Alivitaka kwa kumwinda mnyama mmoja wa milimani anayefanana na panya buku mnene, ambaye wenyeji humwita “rock chuck”. Herufi za RCBS zinatokana na kalibu ile ya kukandia vichwa vya kumpigia mnyama huyo.

Hapo utaingia kwenye ushabiki, nakuonya mapema. Kila mtengenezaji ana rangi yake: RCBS ni kijani, Hornady na Lee ni nyekundu, Lyman ni rangi ya chungwa, na wewe unajua bluu. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya rangi hizi kwa ukali ambao sijausikia tangu tulipokuwa tukitoka uwanjani siku ya Simba na Yanga. Usiingie. Habari njema ni kwamba karibu wote walikwisha kukubaliana juu ya uzi mmoja wa kalibu, kipenyo cha inchi 7/8 na meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo kalibu nyekundu huingia katika mashine ya kijani bila ugomvi.

Sasa la saba zangu. Mashine hizi ni chuma cha kusubu. Ukizipaka mafuta hazichakai upesi, na wenye nazo wanapofariki hukutwa bado zimefungwa mezani. Mwaka juzi nilikwenda kwenye mnada wa mali ya marehemu mmoja karibu na Waseca, mji ambako kampuni ya Herter's ilikuwa na makao yake na kuuza vifaa vya wawindaji kwa katalogi zilizojaa majigambo. Chini ya makopo ya rangi nikakuta mashine yao, imeliwa na kutu, pistoni, ile nguzo inayolipandisha ganda kwenye kalibu, haipandi wala haishuki. Nikailipia dola 20. Niliilaza kwenye mafuta siku nne, nikaigonga kwa nyundo ya mbao, na usiku wa tano pistoni ikateleza chini yenyewe kwa mlio wa pumzi. Shemeji yako alidhani nimeumia kwa jinsi nilivyopiga kelele. Kisha nikagundua kwamba kishikio cha ganda ni cha namna yao wenyewe, hakifanani na vya leo, nami nikakitafuta miezi saba.

Kwa sababu hiyo, ukinunua ya zamani, rangi iliyobanduka isikushughulishe. Shika kichwa cha pistoni uisukume huku na huku usikie kama inacheza, zungusha kalibu uone kama meno yamelika, na uulize vipuri vidogo viko wapi: kishikio, mkono wa kutia fataki, vile vijispringi. Na funika sakafu, kwa kuwa nyingi za zamani hutema fataki zilizolipuka pamoja na masizi yenye risasi, ile madini yenyewe, ambayo ni sumu. Nawa mikono kabla ya kuwashika watoto.

Hazina yangu ya zamani kuliko zote si mashine hata kidogo, ni koleo la Ideal, kampuni ambayo John Barlow aliianzisha New Haven mwaka 1884 na ambayo Lyman waliinunua mwaka 1925. Mwindaji alilitia mfukoni, akajaza risasi kando ya moto wa kambi, moja moja.

Nimekufungia kisanduku. Ndani yake mna RCBS Junior, mdogo wake Rock Chucker, kwa kuwa ninazo mbili, pamoja na kishikio cha milimita 9. Mkono nimeutenganisha na kuuviringisha kwenye taulo. Bolti yake iko ndani ya soksi, usiitupe. Gharama ya posta ilinitoa jasho, nami nadai fidia: wewe uko karibu na California kuliko mimi, na huko ndiko zilikotengenezwa zile mashine nzito zenye jina la Hollywood ambazo sijawahi kuigusa hata moja. Ukisikia mnada wowote, nipigie hata usiku wa manane.

Wako katika urafiki,
Mwinyi

Umwambie shemeji kwamba mashine yenyewe haichukui nafasi kubwa. Hizo nyingine sita usizitaje kwanza.