Kwa mtoto wa ami, aliyeniuliza niliachaje

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa saa tisa na dakika kumi za usiku niliuona asubuhi, nimesimama foleni ya mahamri. Maneno matatu tu: "Kaka, wewe uliachaje?" Hukusema kuacha nini. Mtu akiuliza hivyo saa tisa za usiku, na sigara havuti, miraa hali, basi swali linajulikana. Nilianza kukujibu kwenye WhatsApp, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Nimeona niandike hapa. Jina lako silitaji, wala la gemu yenyewe. Unaijua, na wenzako walio macho saa hizo hapa Mombasa, kutoka Kisauni mpaka Changamwe, wanaijua pia.

Nikutoe hofu mapema: mimi si katika wale wanaosema gemu ni kazi ya shetani. Mimi nimelelewa na kile chumba cha gemu cha Majengo, wewe ulikuwa bado unanyonya. Mabati juu, feni moja inayozunguka ikitaka, PlayStation 2 mbili na televisheni zenye migongo mirefu. Shilingi 10 mechi moja. Ukifungwa unampisha mwenzio, ukishinda unabaki. Padi ya kushoto ilikuwa na kifimbo kilicholegea, mchezaji wako anakwenda upande wa kona hata humgusi, na kila mgeni alipewa hiyo. Nilikuwa natembea na memori kadi yangu mfukoni, MB 8 nzima, kama mwenye nyumba anavyotembea na ufunguo.

Nakueleza hayo kwa sababu moja. Katika miaka yote ile, sikumbuki hata siku moja niliyoamua kuacha kucheza. Kuacha hakukuwa kazi yetu. Kulikuwa na foleni nyuma yako inakupumulia shingoni. Kulikuwa na shilingi 10 iliyokwisha. Stima zilipotea. Adhana ya Magharibi ikilia, mwenye chumba anazima mwenyewe, uwe unaongoza uwe umefungwa. Na gemu zenyewe zilikuwa na mwisho. San Andreas ya mwaka 2004 tulihangaika nayo likizo nzima, na siku tuliyoimaliza majina ya waliotengeneza yakapanda kwenye kioo, tukayatazama yote, hatukujua hata mmoja wao, tukapigana mikono kama tumefunga ndoa.

Hiyo uliyo nayo mkononi haina foleni, haina mwenye chumba, na majina hayatapanda kamwe. Imetengenezwa isiishe. Msimu ukifika mwisho, mwingine umeshafunguliwa chini yake, na daraja ulilopanda kwa wiki sita unateremshwa kidogo ili uwe na pa kupanda tena. Angalia wenzetu wa gemu ya mpira ya kampuni ya EA: tangu mwaka 2009 wana ile sehemu ya kujenga timu kwa kadi, na kila toleo jipya likitoka kila mwaka, timu inaanza sifuri. Mwaka 2023 hata jina la FIFA liliondoka, likaja jina jingine, na kadi za mwaka uliopita zikabaki kulekule. Ubelgiji waliangalia zile pakiti za kununua bila kujua kilichomo, mwaka 2018 wakaamua kwamba ni kamari, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuwauzia watu wa huko pointi za kununulia. Sisi huku tunanunua kwa simu, usiku, kidole gumba tu.

Sasa nikwambie la Babu.

Humkumbuki vizuri. Hakuwa babu wa yeyote kati yetu, lakini Kibokoni nzima ilimwita hivyo. Alasiri alikuwa anatandika mkeka barazani, bao mbele yake, na anayetaka kufungwa anakaa. Mimi alinifundisha nikiwa darasa la sita. Bao la Kiswahili, mashimo 32, kete 64, na kete 22 kila mtu anazishika mkononi anaziingiza moja moja; hicho ndicho kipindi cha namu. Unasambaza, zinapita shimo hadi shimo, na ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwenda. Lakini kuna lile shimo moja linaloitwa nyumba. Ukila kete za mwenzio, na ya mwisho ikaishia kwenye nyumba yako ambayo bado imejaa, hapo hakuna sheria inayokusukuma. Unachagua. Ulale, nyumba ibaki ilivyo. Au usafiri, uzichote zote, uzisambaze uone zitakufikisha wapi. Ukishasafiri, nyumba imevunjika.

Sisi vijana tulikuwa tunapiga kelele, "Safiri Babu, safiri!" Kusafiri kuna raha, kete zinalia tak tak tak na watu wanasogea karibu. Yeye mara nyingi alilala. Anavuta kikoi chake juu ya goti, anangoja. Siku moja nikamuuliza kwa nini amelala na alikuwa na nafasi ya kula mashimo matatu. Akasema, "Nimechoka kuhesabu." Tukacheka, nikidhani ni utani.

Babu alifariki nikiwa na miaka 27. Simu ilinikuta Likoni: sala ya jeneza baada ya Adhuhuri, maziko Kikowani. Muda ulikuwepo. Nikashuka kwenye feri, na wewe unajua ile foleni, unasimama juani na watu elfu, nikafungua gemu mechi moja tu ya kupitishia muda. Feri ikaja, nikapanda nikicheza. Kuvuka pale ni mita 500 hivi, dakika kumi. Tulipogusa upande wa kisiwani nilikuwa dakika ya 80, tumefungana bao moja kwa moja, na ukitoka kabla ya filimbi unahesabiwa umeshindwa. Nikajisemea, wacha watu wapungue, nimalizie hapa ukingoni. Wakashuka. Wengine wakapanda. Nilipoinua uso, daraja la kushukia limeshapandishwa na mimi narudi Likoni. Bao la ushindi nililifunga katikati ya mkondo wa Kilindini. Kule ng'ambo nako tukasubiri, meli ya makontena inapita.

Nilifika msikitini viatu vimeisha mlangoni. Nikachukua tuktuk mpaka Kikowani, nikakuta watu wanakung'uta udongo mikononi. Baba yako mwenyewe alinitazama akauliza, "Feri?"

"Feri," nikamjibu.

Na haikuwa uongo, ndiyo inayoniuma.

Ungedhani siku hiyo ndiyo niliyoacha. Hadithi ingependeza. La. Usiku ule ule nilicheza mpaka saa nane, kwa sababu zawadi za wiki zilikuwa zinafungwa na nilibakisha mechi nne. Nakueleza hili ili usingoje tukio kubwa. Kuna watu wanangoja wafukuzwe kazi, au mke aondoke, ndipo waseme sasa basi. Aibu haiachishi mtu gemu. Aibu inataka mahali pa kujificha, na pa kujificha pa karibu zaidi ni kwenye simu.

Hasira nayo haifai. Kabla ya siku ya kweli nilifuta gemu ile mara tatu, na zote tatu ni baada ya kufungwa vibaya. Mara ya kwanza nilikaa siku mbili. Ukiacha umefungwa, hujaacha, umekwenda kutafuta kisasi. Nenosiri bado liko kichwani, akaunti inakungoja palepale na timu yako imepangwa.

Niliyoacha ilikuwa Jumanne, miezi saba baada ya Babu. Nilikuwa uani, nimeegemea ukuta, televisheni ndani inaonyesha mechi ya kweli. Simu mkononi. Kidole changu kinabonyeza "chukua", "chukua", "chukua", zawadi za siku, kazi za siku, sarafu. Ndipo nikagundua kwamba sauti ya gemu ilikuwa imezimwa. Nikajaribu kukumbuka ni lini niliizima. Kabla ya Ramadhani? Ramadhani ipi? Gemu niliyoipenda mpaka ule wimbo wake wa kufungulia nikawa nauimba bafuni, nilikuwa naicheza miezi kadhaa bila kuisikia. Sikuwa mchezaji tena. Nilikuwa karani wa stoo, nahesabu mali inayoingia, nahofia isipotee. Na maneno yakanitoka kwa sauti, mamangu akanisikia kutoka jikoni akauliza nasema na nani: nimechoka kuhesabu.

Nikafungua sauti. Nikacheza mechi moja, polepole, nikapitisha mpira nyuma na mbele bila haraka. Sare, bila kwa bila. Nikaomba akaunti ifutwe, hiyo yenyewe si ile programu ya kwenye simu, maana programu unairudisha kwa dakika moja. Wakanipa siku kadhaa za kubadili mawazo. Siku hizo ndizo zilikuwa ngumu, sikufichi.

Najua utakachosema. Pesa. Niliwahi kukaa na taarifa za M-Pesa nikajumlisha: shilingi 14,350 kwa miaka miwili. Kwa hizo ningenunua baiskeli ya mtumba. Na sababu ileile ilinifanya niendelee, nisiache pesa yangu mle ndani. Kuna wanasaikolojia wawili Wamarekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, mwaka 1985 waliandika juu ya watu walionunua tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kuliko waliopewa punguzo, japo tiketi na michezo ni ileile. Walikuwa wanakwenda kuifuata pesa yao. Pesa yako iliondoka siku uliyobonyeza, mdogo wangu. Haimo mle, usikae kuilinda.

Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii kwenye orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya kila kitu, na kuendelea ijapokuwa inakudhuru, kwa kawaida kwa miezi 12. Sikutajii hili nikubandike jina. Wengi wetu hatujafika huko. Lakini kama umeanza kukosa kazini, au mikono inatetemeka ukiiweka chini, hilo si la barua. Nitakusindikiza hospitali, na shangazi si lazima ajue.

Kama si hivyo, basi nina swali moja tu kwako, na unijibu ukiwa umeshiba na umelala vizuri: sauti uliizima lini? Kama bado unaisikia, kama ukifunga bao bado unageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha, cheza, yakhe, usiniachie raha yako kwa sababu ya barua. Kama huikumbuki siku uliyoizima, unajua ulipofika. Usingoje ufungwe, wala usingoje msimu uishe.

Saa tatu usiku itakuwa mbaya wiki mbili za mwanzo. Mikono itatafuta kitu. Mimi nilimenya vitunguu thomu vya mamangu mpaka akanifukuza jikoni.

Lile bao la Babu liko kwangu, mjukuu wake wa kweli alinipa kwa sababu kwao hakuna anayecheza. Kete mbili zimepotea, tumeweka kokoto badala yake. Jumapili baada ya Alasiri niko barazani Kibokoni. Njoo na thermosi ya kahawa, maana yule muuzaji wa zamani amehamia Tudor, na huyu mpya anaweka tangawizi mpaka machozi.