Kabla muswada haujafika kwa mchapaji

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera sana kwa kumaliza riwaya. Umeniuliza uchapishe nakala ngapi. Swali hilo naomba tuliweke mwisho. Fedha ya mwandishi anayejichapishia mwenyewe huzama kwenye maboksi ya vitabu vilivyochapwa mapema. Mlipe kwanza mhariri, kisha lipia prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio ya kusahihisha makosa.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwandishi Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers Dar es Salaam na riwaya zake zikapita humo. Wewe una nafuu zaidi, maana mitambo ya dijitali inakubali kazi ya nakala hamsini.

Acha muswada upoe wiki kadhaa, na katika muda huo soma riwaya za wengine ukiwa na penseli mkononi. Tazama ufundi: sura inafunguka wapi, mazungumzo yametengwaje, msomaji anamjuaje anayesema. Hilo la mwisho linatusumbua sana katika Kiswahili. Kiambishi a- hakibagui mume na mke, kwa hiyo "alimwambia kuwa amemwona", ikiwa chumbani mna watu watatu, inamwacha msomaji akibahatisha. Rudisha jina, au cheo: shangazi, fundi, mzee. Chunga na -ka-. "Akaingia, akaketi, akafungua barua" inapendeza kwa mistari michache. Ikijaza ukurasa mzima, kila tukio linakuwa na uzito sawa na jingine. Na ukirudi nyuma kwa wakati, mpe msomaji "alikuwa ameshaondoka" mwanzoni tu mwa kumbukumbu, ajue amevuka.

Urefu usikutie hofu. Nagona, riwaya ya Kezilahabi iliyotoka 1990, ni kitabu chembamba, na hakuna anayeidharau kwa hilo.

Baada ya hapo tafuta wasomaji watatu hadi watano, mmoja wao awe hatoki pwani kama wewe. Usiwaulize kama wameipenda. Waombe waweke alama kila walipolazimika kurudia sentensi na kila walipoiweka chini. Wawili wakikwama mahali pamoja, paandike upya, hata kama unapapenda.

Mhariri akishamaliza, zima masahihisho ya kujiendesha kwenye kompyuta. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza inageuza "i wapi" kuwa "I wapi" bila kukuuliza. Andaa karatasi moja ya maamuzi yako, kama "kwa sababu" maneno mawili, "muswada" au "mswada", mazungumzo kwa alama za kunukuu au kwa vistari, kisha msomaprufu aifuate mpaka mwisho. Msomaprufu asiwe yule yule mhariri. Jicho lililozoea sentensi halioni herufi iliyoanguka.

Sasa kurasa. Ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210, herufi za pointi 11, unabeba maneno kama 300 kwa ukurasa. Riwaya ya maneno 60,000 itakuwa kurasa 200 hivi. Pambizo la ndani liwe milimita 20, la nje 15. Likibana ndani, msomaji atakipasua kitabu mgongo ili aone mwisho wa mstari. Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi hazijui kuyakata, ndiyo maana mistari iliyonyooshwa pande zote mbili hutoka na mapengo ya kutisha. Kata mwenyewe mwishoni mwa silabi, na usitenganishe ng' na irabu yake. Kazi hii ifanyike mwisho kabisa, kwa sababu neno moja likiongezwa huhamisha aya nzima.

Mchoraji wa jalada asikisie unene wa mgongo. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takribani milimita 0.1, kwa hiyo kurasa 200, yaani karatasi 100, ni kama milimita 10. Karatasi ya vitabu iliyotengenezwa nene zaidi kwa uzito ule ule inazidi hapo. Omba kipimo kwa mchapaji. Picha ziwe za dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, na rangi ivuke mpaka wa jalada kwa milimita 3 kila upande. Muulize pia nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Zinapaswa kwenda sambamba na mgongo. Zikienda kinyume, kurasa hujikunja na gundi huachia.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, utaipata Maktaba ya Taifa, iwe upo Tanzania au Kenya. Iombe kabla jalada halijakamilika.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme kuchapa nakala moja ni shilingi 6,000 na bei ni 15,000. Duka likichukua asilimia 35, linakata 5,250. Ukitoa gharama ya kuchapa unabaki na 3,750. Kama mhariri, msomaprufu na jalada vimekula 900,000, itakubidi uuze nakala 240 madukani ndipo urudishe fedha. Ukiuza mkononi unabaki na 9,000, na nakala 100 zinatosha. Ndiyo sababu nakushauri uanze na nakala 150 zilizochapwa kwa mtambo wa dijitali: 100 za kuuza mwenyewe, zilizobaki za maduka na wahakiki. Duka likichukua kwa mali kauli, yaani kulipa baada ya kuuza, andikeni idadi, tarehe ya kuhesabu na nani analipia kilichochafuka. Za mikoani zitume kwa basi baada ya malipo kuingia kwenye simu. Mhakiki anayetaka PDF, andika jina lake kwenye kila ukurasa kabla hujaituma.

Jambo moja linaweza kukufanya usubiri: tuzo. Ipo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ipo ya Mwalimu Nyerere kwa Tanzania. Soma masharti ya mwaka husika, hasa yanasema nini juu ya kazi iliyokwisha kuchapishwa, kabla hujalipa chochote kwa mchapaji.

Prufu ikitoka, isome kwenye karatasi, kwa sauti, na anza na sura ya mwisho, maana ndiyo huhaririwa kwa uchovu. Nitumie hiyo sura ya mwisho pamoja na mbili za kwanza, na uniambie muswada una maneno mangapi ili nikukadirie kurasa.

Wako wa siku zote.